Usiihukumu Turbo Kabla Hujaijaza Hewa

Hotuba kwa wenye magari ya turbo na mafundi wao, Nairobi

Mafundi wenzangu, wenye magari, na ninyi wanafunzi wa ufundi mliokuja na madaftari yenu, hamjambo. Najua wengine mmeacha kazi gereji ili mfike hapa, kwa hiyo sitazunguka.

Nina jambo moja. Gari la turbo lililofanyiwa mabadiliko likikosa nguvu, kabla hujaihukumu turbo, kabla hujanunua sensa, kabla hujampigia simu mtu wa kutyuni, yaani anayepanga upya hesabu za kompyuta ya injini, lijaze hewa likiwa limezimwa, kisha sikiliza hewa inatokea wapi. Mengine yote nitakayosema leo ni maelezo ya jambo hilo.

Linaniuma jambo hili, nawaambia kweli. Nimeona turbo nzima, ambayo shafti yake haichezi na haitoi tone la oili, ikifunguliwa na kuwekwa kando, mwenye gari akatumwa Kirinyaga Road kutafuta nyingine. Akakopa pesa, akafungiwa, gari likarudi vilevile. Tundu lilikuwa kwenye mpira ambao bei yake haifiki hata nauli aliyotumia kuzunguka. Mtu huyo haamini fundi tena, na hasara hiyo ni yetu sote.

Tuchukue gari ambalo wengi hapa mnalo au mnalitamani: Subaru Impreza WRX ya umbo la GD, yenye injini ya EJ20. Hewa inaingia kwenye filta, inapita kwenye sensa ya MAF inayohesabu kiasi chake, inafuata mpira mrefu uliojificha chini ya menifoldi, yaani paipu zinazogawia silinda hewa, hadi kwenye turbo. Turbo inaishindilia. Hewa iliyoshindiliwa inakuwa moto, kwa hiyo inapelekwa kwenye intakula ipoe, ile inayokaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Kutoka hapo inapita kwenye throto, mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta, inaingia menifoldi, inaingia silinda. Ijueni njia hiyo kwa moyo, kwa sababu kuvuja kwa busti, yaani presha inayotengenezwa na turbo, hubadilika tabia kulingana na mahali tundu lilipo kwenye njia hiyo.

Kompyuta ya gari hili huamini hesabu ya MAF. Ikiambiwa hewa fulani imeingia, inamwaga petroli ya kutosha hewa hiyo. Sasa kama mpira umeachia baada ya turbo, sehemu ya hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka nje chini ya boneti, lakini petroli yake imeshamwagwa. Mnaona moshi mweusi, mnasikia harufu ya petroli, gari linakuwa zito hasa mnapokanyaga. Tundu likiwa kabla ya turbo, kwenye ule mpira wa chini ya menifoldi, mambo yanageuka: turbo inafyonza hewa ambayo haikuhesabiwa, petroli inapungua, na petroli ikipungua wakati turbo inasukuma, pistoni ndizo zinazolipa. Tundu likiwa baada ya throto, linaonekana mapema zaidi, kwa sababu wakati wa silensi, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, menifoldi inavuta, na hewa inaingia bila ruhusa. Silensi inapanda na kushuka.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Gari linawashwa, linakaa silensi vizuri, fundi anasema, "Injini iko sawa, basi ni turbo." Lakini wakati wa silensi, eneo la kati ya turbo na throto halina presha yoyote ya maana. Mpira uliopasuka hapo hauna cha kuvuja. Unafunguka pale tu turbo inapoanza kusukuma, na wakati huo fundi yuko gereji na mwenye gari yuko barabarani peke yake.

Wenye Toyota za 1JZ na 2JZ zilizotoka Japani, nanyi msikilize. Injini zenu hazihesabu hewa kwa MAF, zinapima presha ndani ya menifoldi. Kwa hiyo hewa ikivuja kabla ya throto, kompyuta yenu inaona presha ndogo na inamwaga petroli ndogo inayolingana. Hamtaona moshi mweusi wa kuwaonya. Mtaona tu gari limepoteza nguvu na turbo inachelewa kuamka. Kukosa moshi kusiwadanganye kwamba hakuna tundu.

Sasa niseme habari ya mji wetu, kwa sababu maelekezo mengi mnayosoma yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu. Hewa yetu ina presha ya kama bar 0.82, wakati Mombasa ni bar 1.01. Geji yako ikisoma bar 1 ya busti Mombasa, turbo imeishindilia hewa mara mbili. Geji ileile ikisoma bar 1 ileile hapa Nairobi, turbo imeishindilia hewa mara 2.2. Kazi imeongezeka, na hewa inatoka moto zaidi. Ongeza juu yake tundu moja: kompyuta au kidhibiti cha busti kinaona presha haijafika, kinaiambia westigeti, ile valvu inayopunguza busti, ibaki imefungwa, turbo inazunguka kwa kasi kuliko ilivyopaswa, na bado geji inaweza kuonyesha namba uliyoitarajia. Mwenye gari anafurahi kwamba busti ipo. Kumbe turbo inajiua ili kufidia hewa inayomwagika.

Ni jambo la kutafakari kwamba turbo yenyewe ina historia na milima. Alfred Büchi wa Uswisi aliipatia hataza mwaka 1905. Mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu, kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini nguvu ambayo hewa nyepesi ya mlimani inainyima. Kwa hiyo sisi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret ndio hasa tunaoihitaji ifanye kazi bila kupoteza hewa hata kidogo.

Na kabla sijaondoka kwenye suala la mwinuko: ile geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa menifoldi. Mtu amesoma kwamba injini nzima wakati wa silensi isome inchi 18 au 20 za zebaki. Anapima hapa, anapata 13 au 14, anaanza kutafuta tundu ambalo halipo. Hewa yetu pekee inakupunguzia zaidi ya inchi 5. Usimtoze mteja pesa ya kutafuta mwinuko wa Nairobi.

Kwa nini nasema hasa magari yaliyofanyiwa mabadiliko? Kwa sababu kila kiungo kipya ni mlango mpya. Ile intakula ya kiwandani ya WRX iko juu ya injini, njia yake ni fupi na viungo vyake ni vichache. Kijana akiamua kuweka intakula kubwa mbele, nyuma ya bampa, viungo vile vichache vinageuka kuwa kumi au zaidi, na kila kiungo kina mpira wa silikoni na klipu mbili. Paipu nyingi za bei nafuu zimekatwa tu mwishoni, hazina ule ukingo ulioinuliwa wa kuushika mpira usiteleze. Hapo hata klipu nzuri haisaidii, presha itausukuma mpira uchomoke. Na klipu zenyewe: zile za skrubu zenye matobo hukata silikoni polepole unapozikaza. Zile za bolti zenye bendi pana hukaza mzunguko mzima sawasawa. Nunueni hizo. Na tafadhali msipake gundi ya gasketi ndani ya mipira, kwa sababu ikimeguka inasafiri na hewa hadi ndani ya injini.

Pia kumbukeni umri. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo GD zote mnazoziona barabarani zimekuwa hapa kwa muda mrefu, zikichemka kwenye foleni na kupigwa vumbi. Mpira wa kutoka kwenye MAF hadi kwenye turbo, ule uliofichwa chini ya menifoldi, unakauka na kupasuka mahali ambapo jicho halifiki. Nimewaona watu wakibadilisha kila kitu kinachoonekana na kuuacha huo.

Sasa kipimo chenyewe. Fundi wa pancha hakisii tundu la tyubu. Anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai, anaangalia mapovu. Sisi hatuwezi kuizamisha injini, kwa hiyo tunaijaza upepo na kuipelekea maji ya sabuni.

Unahitaji kizibo kinachoingia pale MAF inapoishia, chenye valvu ya tairi katikati. Kiwe cha alumini au chuma, maana cha plastiki kikipasuka kinarusha vipande. Unahitaji kompresa, lakini kamwe usiiunganishe moja kwa moja, kwa sababu tangi la kompresa ya gereji hubeba zaidi ya psi 100 (psi ni kipimo kingine cha presha). Weka regyuleta yenye geji. Funga kizibo mwanzoni mwa ule mpira mrefu, si kwenye mdomo wa turbo. Ukifunga kwenye mdomo wa turbo utauacha mpira wa chini ya menifoldi bila kupimwa, na huo ndio mshukiwa mkubwa kwenye EJ20. Lakini kumbuka mpira huo haukutengenezwa kubeba busti, kwa hiyo panda taratibu: psi 5 kwanza, sikiliza, kisha 10, kisha 15 kama gari linabeba bar 1. Usivuke busti ambayo gari linatumia.

Kabla ya kufungua hewa, fungulia kifuniko cha oili, na ziba zile hosi za kupumulia zinazotoka kwenye vifuniko vya vichwa vya injini kwenda kwenye mpira mrefu. Usipoziba, presha inaingia tumboni mwa injini na inaweza kusukuma sili za oili nje. Swichi iwe imezimwa, gia iwe nyutro, mikono na nguo mbali na mikanda, kwa sababu hewa inaweza kuizungusha injini ghafla. Na usisimame mbele ya kizibo. Kizibo chenye kipenyo cha milimita 70, kwenye bar 1, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 39. Kikichomoka kinaruka. Vaeni miwani.

Kisha zimeni redio. Naomba hilo kwa dhati. Fundi mmoja ashike regyuleta, mwingine azunguke na kipande cha hosi sikioni, akipeleka ncha ya pili kwenye kila kiungo. Akisikia mlio, anamwagia maji ya sabuni na kungoja mapovu. Msinyunyizie petroli wala eta kwenye injini iliyo moto, pale turbo na ekzosi zilipo. Kuna watu hutumia njia hiyo kutafuta tundu la silensi, mimi siiruhusu kwangu.

Mtasikia milio isiyo makosa. Kila injini inapitisha hewa kidogo kwenye ringi za pistoni, utaisikia kwenye tundu la oili. Ukisikia hewa nyingi kwenye ekzosi, huenda silinda moja imesimama valvu zake za kuingiza na kutoa zikiwa wazi kwa pamoja. Tia soketi ya 22 kwenye bolti ya kranki, izungushe kidogo, jaribu tena.

Halafu kuna mtego wa ile valvu inayopiga kelele ukiachia mafuta, blo-ofu. Ndani yake kuna springi, na juu yake inategemea presha inayotoka menifoldi ili ibaki imefungwa. Unapopima throto ikiwa imefungwa, presha iko chini ya valvu tu, juu hakuna kitu. Valvu inafunguka, hewa inatoka, na fundi anaihukumu. Shikilia throto iwe wazi kidogo, presha ilingane pande zote mbili. Ikiendelea kuvuja hapo, sasa ina kesi ya kujibu.

Nawapa kisa kimoja kwa ukamilifu, kwa sababu kina funzo ambalo kipimo cha kusimama hakikutoa.

Kuna WRX iliyoletwa kwetu ikiwa na intakula ya mbele. Ilitakiwa ifike bar 1, haikuvuka 0.6, na ikipanda mlima kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru ilitoa moshi mweusi. Mwenyewe alikuwa ameambiwa turbo imekufa na anunue nyingine. Tulishika shafti: haikucheza upande kwa kiasi cha kutisha wala haikugusa ukuta. Tukafunga kizibo. Kwenye psi 5 tu, mlio mkubwa ulitoka nyuma ya bampa. Klipu ya skrubu ilikuwa imekata silikoni upande wa chini, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Tukabadilisha. Kwenye psi 10, mapovu madogo yalionekana kwenye gasketi ya blo-ofu. Tukabadilisha. Kwenye psi 15 ikashika, presha ikawa inashuka polepole inavyotakiwa.

Gari likaenda barabarani, likafika bar 1, kila mtu akashangilia. Lakini kwenye gia ya tatu, ukikanyaga hadi chini, busti ilipanda na kuanguka. Ukirudi gereji na kupima, hakuna tundu.

Hapo fundi asiye na subira angerudi kwenye turbo. Sisi tulichukua kalamu ya rangi nyeupe, tukachora mstari unaovuka kutoka kwenye paipu hadi kwenye mpira, kila kiungo, pande zote. Likapelekwa tena barabarani. Liliporudi, kiungo kimoja karibu na throto mistari yake ilikuwa imeachana kwa upana wa kucha, na pembeni kulikuwa na ukungu mpya wa oili. Paipu ndefu ilikuwa imefungwa kwenye bodi ya gari, injini inakaa kwenye mauntini zake, na ule mkono mfupi unaoizuia injini isilale nyuma ulikuwa na bushi iliyokwisha. Gari likiwa limesimama, injini haitikisiki. Ukikanyaga gia ya tatu, injini inajivuta, paipu inabaki, mpira unachomolewa kidogo kidogo, unafungua mdomo, kisha ukiachia mafuta unarudi.

Tulibadilisha bushi, tukaifungua paipu kutoka kwenye bodi na kuishikiza kwenye injini yenyewe, tukaweka mpira wenye nundu katikati unaoweza kujikunja, na paipu ikatiwa ukingo. Turbo ileile iliyohukumiwa ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Kwa hiyo, mpira unaovuja kwa sababu ya mwendo wa injini hamtaupata kwa kizibo peke yake. Chora mistari. Angalia alama za oili: hewa inayotoka kwenye turbo hubeba ukungu kidogo wa oili kutoka kwenye hosi za kupumulia, na pale inapotokea inaacha doa lenye vumbi. Futa kila kitu kiwe kikavu, endesha, kisha angalia ni wapi pamechafuka kwanza.

Nigusie zile hosi ndogo, za unene wa kalamu, kwa kuwa zinadharauliwa. Ile inayopeleka presha kwenye westigeti ikipasuka, westigeti haipati habari, inabaki imefungwa, na busti inapanda kupita kiasi. Ile inayokwenda kwenye regyuleta ya petroli ikivuja, presha ya petroli haipandi pamoja na busti, nozeli zinamwaga pungufu wakati injini inahitaji zaidi, injini inagonga, na EJ inajulikana kwa kuvunjika pistoni pale kwenye nafasi za ringi. Kila unapounganisha geji ya busti kwa kukata hosi ya kiwandani na kutia kiungo cha T, umeongeza sehemu mbili au tatu za kuvuja. Tafuteni hosi za silikoni za kipimo sahihi, zifungeni, na kamwe msikate ile ya regyuleta ya petroli ili mpate sehemu ya geji.

Wanaotyuni magari, nawaomba kwa heshima: msikubali gari mezani bila kipimo cha presha cha siku hiyo. Mkilityuni gari linalovuja, mmeandika tundu ndani ya ramani ya petroli, yaani hesabu za petroli zilizo kwenye kompyuta. Siku mpira utakapobadilishwa, hesabu zote zitakuwa za uongo.

Nanyi wenye magari, mkiambiwa turbo imekufa, ombeni kuonyeshwa mapovu kwanza. Ombeni kuishika shafti wenyewe kwa vidole. Fundi mzuri hatakasirika, atafurahi. Mafundi, kitozeni kipimo hiki kama kazi kamili, andikeni kwenye risiti. Ni saa nzima ya watu wawili, kina thamani, na mteja aliyeonyeshwa tundu kwa macho yake hulipa bila mabishano.

Kizibo na regyuleta viko hapa mezani. Gari la kwanza ni ile Forester iliyoegeshwa karibu na lango, mwenyewe anasema haivuki bar 0.5. Wanafunzi waje mbele, wengine mzunguke upande wa kushoto ili msikae mbele ya kizibo. Naomba boneti ifunguliwe, na mwenye muziki pale nje azime kwa muda.